MKONO ALIOUFICHA MAKENE

Sehemu ya Kumi na Moja

"Kumbe ni mkono huo."

Sauti ilitoka nyuma ya lori, na Makene hakuhitaji kugeuka ili aijue.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Msomaji mmoja wa Vwawa ameapa kwamba aliyesema ni askari. Mwingine wa Mlowo ana uhakika ni mtu wa uhamiaji. Poleni wote wawili. Angekuwa askari, Makene angeshukuru, maana askari unaweza kumweleza akakuelewa.

Aliyesimama pale alikuwa Mzee Maduhu, baba yake mzazi, na kofia yake ya pama, koti zito, na dumu la dawa ya kuogeshea ng'ombe mkononi. Alikuwa amepanda kutoka bondeni Momba kuja Tunduma kununua dawa hiyo, akaingia yadi ya malori pale Chapwa kutafuta lifti ya kurudia. Hakuwa akimtafuta mtu yeyote. Kwa jinsi alivyojua yeye na majirani zake wote, mtoto wake alikuwa Japani, anarusha mpira kwa mshahara.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, niseme haraka. Makene ni mrushaji wa besiboli. Huo ni mchezo ambao mtu mmoja anasimama peke yake juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, anarusha kampira kadogo kagumu kwa kasi ya pikipiki iliyokatika breki. Mwenzake wa timu pinzani anajaribu kukapiga kwa gongo, na nyuma ya huyo mwenye gongo amechuchumaa mdakaji mwenye glavu nene. Makene aliifanya kazi hiyo kwa misimu kadhaa katika ligi ndogo ya kulipwa huko Japani, mpaka kiwiko kilipochanika ndani, wakampasua, na timu ikamuaga kwa heshima zote.

Alirudi kimyakimya. Akapanga chumba Chapwa. Kila asubuhi alirusha mpira wake kwenye ukuta wa yadi, akingojea siku ya leo, ambayo mwalimu wake wa zamani angepita Tunduma na kuutazama mkono wake kwa mara ya mwisho. Ukiwa mzima, anarudi kazini. Ukiwa umekufa, hana kazi nyingine anayoijua duniani.

Basi akageuka, akasema shikamoo. Haikuitikiwa.

Mzee aliweka dumu chini taratibu. Akautazama ule mkono wa kushoto ulioshika mpira. Akautazama ukuta uliojaa madoa. Kisha akamtazama mwanawe kuanzia viatuni kwenda juu, kama anayekagua ng'ombe aliyeletwa na mtu asiyemwamini.

Alimuuliza yuko hapa tangu lini. Makene akajibu, tangu mvua zilipokatika. Mzee akauliza kama barabara ya bondeni ilikuwa imefungwa. Makene akasema hapana, baba, ilikuwa wazi.

"Mimi nimewaambia watu uko Japani," mzee alisema. "Juzi tu nimewaambia, pale mnadani."

Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana liliuma.

Makene alijaribu kueleza kwamba hakutaka kuingia nyumbani mikono mitupu baada ya kuagwa kwa ng'ombe na ngoma. Alikuwa akingojea apate neno zuri kwanza. Maneno yalimtoka vipandevipande. Alikuwa amepoteza mazoezi ya kuongea na mtu wake.

Nadhani hamjui jinsi huyu kijana alivyo mpweke, nami nina kosa la kuwakimbiza kwenye matukio bila kuwaambia. Huko Japani watu walijaa uwanjani wakiimba jina lake kwa matamshi yao, halafu jioni anakula wali chumbani akitazama televisheni asiyoielewa. Aliwahi kuja likizo, wazee wa mnadani wakamzunguka, wakamuuliza amefunga magoli mangapi. Akawaeleza kwamba besiboli haina magoli. Akawachorea chini kwa kijiti. Walimtazama kwa huruma. Mwishowe alichoka, akasema kumi na mbili, wakafurahi na kumpiga mabegani. Aliporudi zake alikuwa mpweke kuliko alivyokuja.

Na hapa Tunduma? Madereva wanaongoja foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde wanamwita Mjapani. Wabadilisha fedha wanamwita Mjapani. Mama mwenye nyumba anamwita mpangaji. Tangu arudi hakuna mtu aliyekuwa anamjua kama Makene, mpaka leo, na huyo anayemjua sasa anamtazama kama mgeni.

"Mkono," mzee alirudia. "Unarushia huo."

"Ndio, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Hapo mzee akakaa chini, juu ya gunia la pumba lililokuwa limeegemezwa ukutani.

Mnisubiri kidogo hapa, maana bila hili hamtaelewa kwa nini mzee wa watu alikaa chini. Makene alizaliwa mashoto. Katika boma la Mzee Maduhu, Wasukuma waliohama na ng'ombe wao mpaka bonde la Momba, hilo halikuwa jambo la kucheka. Mkono wa kushoto haupokei chakula, hauamkii mtu, haumshiki ng'ombe wa mahari. Mtoto akinyoosha kushoto kupokea kitu, anachapwa fimbo kiganjani. Bibi yake aliufunga mkono ule kwa kamba ya katani wakati wa kula, mpaka kulia kukazoea. Makene alijifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kuchunga kwa kulia. Wa kushoto akauficha.

Aliyeufichua mkono huo ni mwalimu Okabe, Mjapani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu katika shule ya sekondari upande wa Ihanda, ambako Makene alikuwa bweni. Wanafunzi walikuwa wakijenga darasa, wanarushiana matofali kumfikia fundi aliye juu ya jukwaa. Makene akidhani hakuna mwalimu karibu, alirusha kwa kushoto. Kila tofali lilitua kiganjani mwa fundi kama limewekwa. Okabe alisimama akitazama mpaka rundo likaisha. Huyo ndiye aliyemwambia, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwamba katika mchezo fulani mrushaji wa kushoto hutafutwa kwa tochi.

Siku mkataba ulipokuja, Mzee Maduhu alichinja. Akamwita na Masunga, mganga, rafiki yake wa tangu ujana, waliyeswaga naye ng'ombe kutoka Usukuma mpaka Momba. Masunga alikuja na dawa ya kuukinga mkono wa kijana. Watu wote walikuwa wamekaa pale. Masunga akaushika mkono wa kulia wa Makene, akakagua vidole. Akaushika na wa kushoto, akakagua vidole, akakaa nao muda mrefu zaidi. Kisha akauliza mbele ya wote: unaorushia ni upi?

Baba yake alikuwa anatazama. Makene akanyoosha wa kulia.

Masunga akamchanja wa kulia, akampaka dawa.

Miaka ikapita, kiwiko cha kushoto kikachanika. Makene akapiga simu nyumbani, akasema tu mkono umeumia, wamenipasua. Hakusema upi, na baba hakuuliza, kwa sababu kwa baba mkono wa kazi ni mmoja.

Sasa mzee alikuwa amekaa juu ya gunia la pumba anayapanga mambo hayo kichwani, polepole. Alinyoosha kidole.

"Leta huo wa kulia."

Makene akausogeza. Mzee akalikunja shati mwenyewe, akazitazama zile chale za Masunga, nyeusi, zimepangana vizuri kutoka begani mpaka kiwikoni. Akaukunja mkono, akaukunjua. Akauliza kama huu umewahi kuuma hata siku moja.

"Haujawahi, baba."

Mzee akauachia.

"Nilimwita Masunga mwongo," alisema. "Mnadani, watu wamejaa. Nilimwambia dawa yake ni masizi na maji. Nikamwambia arudishe ng'ombe wangu. Akamrudisha palepale, hakubishana. Alisema neno moja tu. Alisema, kamuulize mtoto vizuri."

Makene akauteremsha mkono wa shati lake.

"Akahama. Akavuka mto, yuko upande wa Rukwa huko. Mimi sasa hivi jioni sina mtu wa kukaa naye. Nakaa na ng'ombe."

Hebu fikirieni. Kumbe huku Makene akila wali peke yake Japani, huko bondeni baba yake naye alikuwa amekaa peke yake, na wote wawili kwa sababu ya kidole kimoja kilichonyooshwa upande usio wake.

Mzee akasimama, akachukua dumu lake. Uamuzi ulikuwa umeshapita. Kuna Fuso linaondoka mchana kwenda Kamsamba, alisema, na kesho watavuka mto. Makene atasimama mbele ya Masunga na watu wake, aseme kwa mdomo wake mwenyewe.

Ilibidi Makene amwambie kuhusu Okabe. Kwamba mwalimu anapita leo, leo tu, akitokea Lusaka kwenda kupanda ndege Dar es Salaam. Kwamba akikosa leo hakuna tena, maana umri wa mrushaji si mrefu na timu haimngojei mtu. Akaomba wasubiri mpaka jioni.

"Umenificha mkono," mzee alisema. "Umenificha na wewe mwenyewe. Na bado unataka mimi ndiye nikusubiri."

Akaanza kuondoka kuelekea getini na dumu lake, hakugeuka nyuma.

Getini akapishana na pikipiki.

Aliyekuwa akiiendesha ni Brayson, wakala wa forodha, mtu pekee wa Tunduma aliyekubali kumdakia Makene mpira, na kidole chake cha kati kimefungwa bandeji nene mpaka kinafanana na hindi. Kama mlisoma wiki ile, mnakumbuka mpira wa Makene ulivyokivunja. Nyuma ya Brayson alikaa mzungu mfupi mwenye mvi. Nasema mzungu kwa sababu ndivyo yadi nzima ilivyosema. Alikuwa Okabe, na basi lake lilikuwa limewahi.

Alishuka kwa fimbo. Goti moja lilikuwa halikunjiki tena, ajali ya miaka mingi. Alipomwona Mzee Maduhu, hakumuuliza Makene huyu nani, sura ilitosha. Alisogea, akainama, akasema shikamoo mzee, kwa Kiswahili alichojifunza Ihanda, chenye lafudhi ya Wanyiha wa huko kabisa, mpaka mpiga debe mmoja akaziba mdomo asicheke.

Mzee Maduhu angeweza kumkasirikia mtoto wake. Lakini mgeni wa umri ule aliyekuinamia huwezi kumpita na dumu lako. Aliliweka chini kwa mara ya pili. Akaitikia marahaba. Wakaulizana habari za safari, za ng'ombe, za mvua. Okabe akamwambia kwamba alitamani siku nyingi kumshukuru mzazi wa kijana huyu. Akaongeza kwamba huko kwao watoto wadogo wa mashoto walikuwa wakikusanyika uzioni kumtazama Makene, wajifunze.

"Wazazi wao wanawaacha?" mzee aliuliza.

Okabe akasema wanawaleta wenyewe, kwa magari.

Mzee akatazama getini. Lakini hakuliokota dumu.

Okabe akatazama saa, akatoa kwenye begi chombo cha kupimia kasi, akauliza mdakaji yuko wapi. Brayson akainua hindi lake. Alijieleza kwa mchanganyiko wake wa siku zote wa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza, lakini maana ilikuwa moja: hata apewe gari, hadaki.

Okabe akawatazama vijana wa yadi. Kila aliyetazamwa alikumbuka kazi. Wote walikuwepo siku kidole cha Brayson kilipovunjika, na wote walikisikia.

Makene akasema atarusha ukutani. Mwalimu akatikisa kichwa. Ukuta, alisema, haumwambii kitu. Anataka kumwona akimrushia mtu, aone kama bado ana moyo wa kufanya hivyo, na anataka kuisikia glavu. Angechuchumaa yeye mwenyewe, ila goti lilikuwa halikubali. Alisema pole. Akaanza kukifunga kile chombo kwenye begi lake, taratibu, kama mtu anayefunika chakula ambacho hakikuliwa.

Makene alisimama palepale na mpira mkononi. Miaka yote ile, uwanja mzima unamtazama, mdakaji alikuwa ndiye mtu mmoja aliyemtazama usoni. Bila huyo hakuna mrushaji, kuna mtu anayetupa vitu. Na katika mji mzima wenye malori kutoka nchi nane, hakupatikana mtu wa kuchuchumaa mbele yake.

"Huyo wa glavu," Mzee Maduhu aliuliza ghafla, "kazi yake nini?"

Okabe akamjibu kwamba anapokea tu.

"Kupokea naweza."

Yadi ikacheka. Makene hakucheka. Alimwendea baba yake akamweleza kwamba haiwezekani, kwamba mpira ule umevunja mbavu za vijana waliozaliwa kwenye mchezo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama fahali aliyechomoa kamba anaenda polepole kuliko mpira. Akasema yeye amewadaka mafahali. Okabe naye alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, na mara ya tatu akaomba kofia ngumu ya Brayson ya bodaboda.

Wakamvua mzee pama, wakamvika kofia ile na kioo chake. Wakamwekea magunia ya pumba nyuma, na moja wakamfunga kifuani kwa kamba. Kisha Okabe akampa glavu. Mzee akanyoosha mkono wa kulia kuipokea, akajaribu kuivaa. Haikuingia. Akaigeuza. Haikuingia.

"Si huo, mzee," Okabe alisema. "Glavu ya mdakaji inavaliwa kushoto."

Mzee Maduhu akautazama mkono wake wa kushoto. Ule mkono ulikuwa umezeeka bila kupokea kitu kwa mtu.

"Huu?"

"Huo."

Akaufuta kwenye suruali, mbele na nyuma. Halafu akauingiza ndani ya glavu, akaipigapiga kwa ngumi ya kulia, kama alivyomwona Brayson akionyesha. Alipokwenda kuchuchumaa penye magunia alipita karibu na mwanawe.

"Tukimaliza, kwa Masunga."

"Kwa Masunga, baba," Makene alisema, na alikuwa anamaanisha.

Akarusha wa kwanza. Mzee akaudaka, vijana wakapiga makofi. Akarusha wa pili, mzee akaudaka tena, akautazama kwa mshangao. Akarusha wa tatu. Okabe alikuwa anakitazama chombo chake na uso wake ulikuwa unazidi kukunjamana. Alimwendea Makene, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hivi ndivyo mtu anavyomrushia mtoto chungwa. Kama hii ndiyo nguvu iliyobaki, amwambie sasa hivi, waagane vizuri.

Makene akamjibu kwa kunong'ona vilevile kwamba pale mbele amechuchumaa baba yake.

Alinong'ona, lakini yadi ilikuwa kimya, na wazee hawana masikio mabovu kwa mambo yasiyowahusu, sembuse yanayowahusu. Mzee Maduhu akainua kioo cha kofia.

"Unanionea huruma?"

Makene akauzungusha mpira kiganjani.

"Mimi nilikuchapa kwa ajili ya mkono huo. Sikukuonea huruma hata siku moja." Akaipiga glavu kwa ngumi. "Rusha, ng'wanone. Rusha kama unavyorusha kwa watu."

Ng'wanone, mwanangu. Makene alikuwa hajaitwa hivyo tangu akiwa mdogo wa kufungwa kamba. Akakanyaga ardhi vizuri. Akaushika mpira kwenye mishono yake, vidole viwili juu, gumba chini. Akainua mguu.

Kwa muda ule mfupi hakukuwa na malori wala Tunduma. Kulikuwa na glavu, na nyuma ya glavu mtu anayemtazama usoni. Aliachia kila alichokuwa nacho.

Glavu ililia mpaka mbwa wa yadi akatoka chini ya lori akakimbia. Mzee Maduhu alianguka chali kwenye magunia, pumba zikatimka, asionekane. Makene akawa tayari anakimbia. Brayson alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, na kile kidole kikiwa kimesimama.

Kutoka kwenye vumbi la pumba ukainuka mkono wa kushoto. Ndani ya glavu, mpira.

Kisha kikasikika kicheko. Kilianza kidogo, ndani ya ile kofia ya bodaboda, kikaendelea mpaka mzee akawa anafuta machozi chini ya kioo. Makene hakukumbuka kama amewahi kumsikia baba yake akicheka hivyo. Mzee alikataa kuinuliwa kwanza. Alisema Masunga lazima auone mkono huu. Alisema atamfuata mwenyewe, atamwomba radhi mwenyewe, na atampelekea ng'ombe yuleyule na ndama wake.

Okabe alikuwa bado anakitazama chombo chake. Akakigeuza Makene aone. Namba ilikuwa ileile ya kabla ya kupasuliwa.

Hapo ningependa sana niwaache, mle chakula chenu mkiwa na furaha. Siwezi.

Maana mpira ulipoachana na vidole, ndani ya kiwiko cha Makene kulikuwa na kitu kilichovutika kama uzi unaotolewa kwenye nguo. Hakikuuma. Siku ile Japani nako hakikuuma, kwanza. Sasa kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepoa. Baada yake kikapoa cha pete. Ubaridi ukawa unatembea, kidole baada ya kidole, na yeye amesimama katikati ya watu wanaomshangilia, akiwa ndiye mtu pekee anayejua.

Wakampiga mgongoni. Wakamwita Mjapani. Baba yake alikuwa anawarekebisha, anawaambia jina lake ni Makene, ni wangu huyu, amezaliwa mashoto.

Okabe akasogea karibu. Alikuwa mwalimu mzoefu na macho yake hayakuondoka kwenye kile kiwiko. Akauliza swali moja, kwa Kiswahili, ili na mzazi aelewe.

"Mkono uko salama?"

Makene akainua uso. Baba yake alikuwa anamtazama, ana pumba kwenye nyusi, anatabasamu.

"Uko salama," Makene akasema.

Okabe akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema ni vizuri, ila mpira mmoja unaweza kuwa wa bahati. Anataka mwingine kama ule, nguvu yote, halafu jina la Makene linarudi kwenye timu.

Mzee Maduhu hakungoja kuambiwa. Alikwenda mwenyewe penye magunia, akachuchumaa. Kisha akaivua ile kofia ya Brayson, akaiweka pembeni. Brayson akakimbia kumrudishia, mzee akausukuma mkono wake. Kioo kimejaa vumbi, alisema, na safari hii anataka kuuona mpira wa mwanawe tangu unapotoka.

Akaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya uso wake mtupu, akaifungua glavu.

"Lete, ng'wanone."

Makene akakanyaga ardhi. Akatazama chini kuhakikisha kwamba mpira bado ameushika, kwa sababu vidole havikuwa vikimwambia. Kisha akainua mguu.